Simu ikisogea sentimita 4

Umeweka simu juu ya kabati, spika umewasha, mazungumzo yanakatikakatika. Unaisogeza kidogo tu, sauti inarudi. Watu husema mtandao ulizingua kisha ukatulia. Mnara haukufanya lolote. Simu yako ndiyo imetoka shimoni, mahali padogo ambapo mawimbi ya mnara yamefifia.

Shimo hilo nawaonyesha wanafunzi wangu wa uhandisi kwa rula na antena moja. Tunausikiliza mnara wa jirani kwenye megahezi 1800, tunasogeza antena sentimita mojamoja juu ya meza na kuandika nguvu ya mawimbi. Penye 11 mambo safi. Penye 15 nguvu imeanguka mara mia, na hakuna aliyegusa kitu kingine.

Sababu ni mwangwi. Wimbi haliji kwa njia moja: jingine limegonga ukuta wa ghorofa, jingine bati la jirani, jingine ubavu wa daladala, na kila moja lina kuchelewa kwake. Kwenye masafa hayo, kutoka kilele cha wimbi hadi kilele kinachofuata ni karibu sentimita 17. Mawili yakifika yakiwa yamepishana nusu ya urefu huo, kilele cha moja huangukia bonde la jingine, yanauana. Yakitokea pande mbili zinazotazamana, mashimo hujirudia kila sentimita 8 hivi.

Sasa panda treni ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Ikikimbia kilomita 160 kwa saa, sentimita 8 hizo inazimaliza chini ya milisekunde 2. Simu yako inaingia na kutoka mashimoni mara mia kadhaa kwa sekunde, nawe unaongea na shangazi kama uko sebuleni.

Inawezekanaje? Katikati ya data mnara hupachika alama za rejea, ambazo simu inazijua tangu awali. Simu hutazama jinsi alama zilivyoharibika njiani, kisha hutumia kipimo hicho kunyoosha data iliyo jirani nazo. Kwenye 4G hutumwa mara nne kila milisekunde. Ila hazitumwi bure: kwa antena moja tu ya mnara hula karibu asilimia 5 ya nafasi, nafasi ambayo ingebeba video yako.

Minara ya 5G yenye antena 64 haiwezi kulipa gharama hiyo kwa kila antena. Kwa hiyo mara nyingi kazi hugeuzwa: simu ndiyo inayotuma alama, mnara unajifunza njia na kuelekeza nguvu pale ulipo. Tatizo, alama ni chache kuliko simu, na minara jirani hulazimika kuzirudia. Simu ya Ubungo na ya Kimara zikituma alama ileile kwa wakati mmoja, mnara huzichanganya, na sehemu ya nguvu iliyokusudiwa kwa mmoja humwendea mwingine. Mtafiti Thomas Marzetta wa maabara ya Bell Labs, katika hesabu zake za 2010, alikuta kwamba hata ukirundika antena bila kikomo, mchanganyiko huo ndio unaobaki.

Kwetu maabara swali ni ugawaji: nani apewe alama, na baada ya muda gani. Abiria wa treni anazihitaji kila mara. Simu iliyolala kabatini, sioni kwa nini iulizwe iko wapi kila milisekunde.