Kwa mwoga huenda kicheko: woga unaosifiwa na woga unaolaumiwa katika methali

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Wengi tuliandikiwa ubaoni kwamba methali hii inatufundisha kuwa na tahadhari, tukaishia hapo. Maana hiyo ni sahihi, ila ni fupi mno. Methali inazungumzia nyumba mbili. Katika moja, mwenye nyumba karudi mzima na jioni watu wake wanacheka naye. Katika nyingine watu wamekaa msibani. Haiulizi nani alitetemeka na nani hakutetemeka. Inauliza waliobaki nyumbani wamepata nini.

Sisi wa Iringa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe wa chifu Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani wakakivunja, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Ulikuwa ushindi mkubwa, na tuna haki ya kujivunia. Lakini Wahehe nao walipoteza watu wengi siku ile. Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaangushwa kwa mizinga. Mkwawa akaingia msituni, akapigana hadi Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kikakatwa, na fuvu likarudi Kalenga mwaka 1954. Hesabu mwenyewe miaka ambayo ukoo ulikaa na msiba usiokwisha. Hicho ndicho kilio chenyewe. Wala methali haisemi kwamba Mkwawa alikosea. Inataja bei ya ushujaa, na kwamba sehemu kubwa ya bei hiyo hulipwa na jamaa.

Ndugu yake methali hii ni "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake". Ukitaka kuielewa vizuri, mwangalie dereva mzoefu wa lori anayetoka Iringa kwenda Dar es Salaam, anapokaribia kuteremka Kitonga. Kabla mteremko haujaanza, ameshaingiza gia nzito. Lori linashuka polepole huku injini ikinguruma, mguu wake haukai kwenye breki muda mrefu, kwa sababu anajua breki ikikandamizwa mfululizo hupata moto, na ikishapata moto haishiki tena. Nyuma yake kuna mwenye haraka anapiga honi. Yeye hana habari naye. Anakunja kona moja baada ya nyingine hadi Ruaha Mbuyuni, na hapo utingo anashuka kununua vitunguu. Huyo ni kunguru mwoga, na mimi ningempa familia yangu aisafirishe bila kuuliza mara mbili.

Kwa hiyo woga wa hatari unasifiwa. Lakini upo woga mwingine ambao wahenga hawakuuonea huruma hata kidogo, nao ni ule unaotokana na mapenzi. "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Chukua mama anayeuza viazi Uyole. Kila jioni anahesabu mauzo, kila jioni zinapungua elfu mbili, elfu tatu. Mkono unaochukua anaujua, ni wa mwanawe. Ananyamaza. Anaogopa akimkemea mtoto atanuna, atahama, ataacha kumwita mama. Siku moja mtoto anauza mzigo mzima wa viazi na kupotelea mjini, na mama ndiye anayelia. Hapa mwoga hapati kicheko. Kilio alichokikwepa kimerudi kwake kikiwa kikubwa zaidi.

Nadhani hapa ndipo methali zetu zinapoonyesha kumjua binadamu. Mtu anayeogopa nyoka, moto au mteremko analinda uhai. Mtu anayeogopa kumuudhi ampendaye analinda raha yake ya leo, huku akidhani anamlinda mpenzi au mwana.

Kuna na woga wa tatu: "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka." Huu hausifiwi wala haulaumiwi. Ni maumbile tu. Aliyetapeliwa shamba mara moja atakagua karatasi hadi muuzaji achoke. Mjane aliyenyang'anywa mali na mashemeji atashtuka shemeji akibisha hodi hata kama kaja kusalimia. Methali hii inamsemea aliyeumizwa, kwamba asichekwe. Watu wengi huitumia kumkejeli mtu, na hapo wanaipotosha.

Ukitaka kuzitumia, angalia nani unamwambia. "Kunguru mwoga" unaweza kujisemea mwenyewe ukikataa kupanda bodaboda usiku wa ukungu, na hakuna atakayekudharau. "Mchelea mwana kulia" ni kali, inamgusa mzazi kwenye malezi yake. Kwa rika lako unaweza kusema, "Dada, mchelea mwana kulia, we unajua mwisho wake." Kwa mkubwa wako, amkia kwanza, kaeni, mazungumzo yakifika kwa mtoto mwenyewe sema "Wahenga walisema, mchelea mwana kulia...", kisha nyamaza. Nusu ya pili anaijua, mwache aimalizie mwenyewe.