Anga likitakata Njombe: mahindi, bati na sakitu

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unapoanza kukata na mvua kubaki za kubahatisha, nyanda za juu kusini zimeshaanza safari ya baridi. Wengi wanahesabu kipupwe kuanzia Juni. Mwenye mahindi shambani na miche ya parachichi bondeni inampasa aanze mapema, tangu usiku wa kwanza wa Mei ambao nyota zimejaa na majani ya migomba hayatikisiki. Baridi ya Njombe na Makete haiji yote na upepo wa kusi. Sehemu kubwa inatengenezwa hapo hapo juu ya shamba lako, usiku ule ule.

Mchana ardhi hupokea joto la jua, usiku hulitoa kuelekea angani. Wakati wa mvua, mawingu hulirudisha sehemu ya joto hilo chini. Mawingu yakishaondoka linapotea moja kwa moja, na kila kitu kinachotazama anga bila kifuniko, iwe jani, turubai au bati, hupoa kuliko hewa inayokizunguka. Mvuke uliomo hewani unatua juu yake na kuwa umande. Kikipoa chini ya nyuzi 0 unakuta sakitu, yaani barafu nyembamba. Mahindi yanayokataa kukauka, bati linalodondosha maji alfajiri na viazi vilivyoungua bondeni vyote vinatokana na jambo hilo moja.

Nianze na mahindi, maana ndiyo chakula cha mwaka mzima. Ukitaka kujua kama yamekomaa, ng'oa punje na utazame kitako chake: alama nyeusi ikionekana, punje haipokei tena chakula kutoka kwenye mmea. Kuyaacha yasimame shambani hadi Julai ni mazoea ambayo siyapendi. Huku juu yanakauka polepole, wadudu kama fukusi na dumuzi wanayafuata huko huko, na yakianguka chini yanaota kuvu. Vuna, menya maganda, weka mahindi yakiwa bado kwenye magunzi katika kichanja chembamba kisichozidi mita 1 kwa upana, kilichoezekwa juu na kuachwa wazi pembeni. Upande wake mrefu uelekee upepo, yaani kusini-mashariki, ili hewa ipite katikati badala ya kupiga ncha tu.

Baada ya kupukuchua, anika kwenye turubai, kamwe si juu ya udongo. Tandaza tabaka lisilozidi sentimita 5 na ugeuze kila baada ya saa moja hivi. Usianike kabla umande haujakauka, na hapa mara nyingi ni saa tatu au saa nne asubuhi. Jioni anua kufikia saa kumi na moja, jua likiwa bado lipo. Wanaofunika turubai juu na kuyaacha nje wanapoteza kazi ya mchana mzima: turubai linapoa, unyevu unaotoka kwenye punje unagandia upande wa ndani na kurudi kwenye mahindi.

Angalia pia jua liko wapi. Mwezi Juni linapita kaskazini yetu. Tarehe 21, saa sita mchana, liko takriban nyuzi 57 tu kutoka upeo wa macho. Kivuli cha nyumba kinalala kusini, basi anikia upande wa kaskazini. Ukuta wa kusini haupati jua la mchana kwa miezi kadhaa, ndiyo maana kuvu huanzia hapo, na chumba cha upande huo hakifai kuwa ghala.

Mahindi ya kuhifadhi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13. Kama huna kipimo, tumia chumvi. Kaanga chumvi kidogo kwenye kikaango kikavu hadi ikauke kabisa, iache ipoe, weka vijiko viwili au vitatu kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa vizuri, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu bado uko juu ya asilimia 15. Isiposhika, wengi hushangilia na kufunga magunia, na hapo ndipo wanapokosea: kipimo hiki kinakuambia uko chini ya 15, hakikuambii umefika 13. Ongeza siku moja au mbili za jua kali.

Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri sana kwa sababu wadudu hufa kwa kukosa oksijeni, bila dawa. Ila haikaushi chochote. Ukiweka mahindi mabichi humo yatachacha. Kagua mifuko miwili ya ndani kama ina tundu, jaza, bana hewa yote itoke, sokota mdomo, ukunje, ufunge kwa kamba. Kila mfuko ufungwe peke yake. Panga juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta. Baridi inampunguzia dumuzi kasi ya kuzaliana, lakini joto likirudi Septemba anaendelea na kazi. Punje zenye kuvu zichambue na uzitupe, hata kuku usiwape. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Ndani ya nyumba, bati lisilo na dari ndilo tatizo. Pumzi za watu waliolala na mvuke wa jikoni vinapanda, vinakuta bati limepoa, vinakuwa maji, na alfajiri matone yanaanguka kwenye magodoro na magunia. Watu huziba matundu ya misumari wakidhani paa linavuja. Kama nje ni kukavu na ndani kunadondoka, tatizo si tundu. Weka dari, hata ya mbao nyepesi, na uache nafasi ya hewa kupita kati yake na bati.

Kuhusu jiko la mkaa chumbani nitasema bila kuzunguka: usilale nalo. Makaa yaliyoiva, yasiyo na moshi, ndiyo yanayowadanganya watu, kwa sababu yanaendelea kutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Dirisha lililofunguliwa kidogo si kinga ya kutegemea. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, usifikirie malaria kwanza. Watoe wote nje, kisha uwapeleke hospitali. Kitandani weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa.

Sasa sakitu. Hewa baridi ni nzito, inateremka mlimani kama maji na kutuama bondeni, hasa kwenye vinyungu, bustani zetu za mabondeni. Shamba la mteremkoni linaweza kusalimika huku viazi vya mita chache chini yake vimekuwa vyeusi. Ua mnene uliopandwa kukata mteremko unaizuia hewa hiyo isipite, ikatuama upande wa juu, hivyo acha mlango sehemu ya chini ipitie. Kipimajoto kilichotundikwa usawa wa kifua kinaweza kusoma nyuzi 3 wakati nyasi zimeshaganda. Kishushe karibu na ardhi.

Dalili ni tatu kwa pamoja: anga tupu jioni, upepo umekufa, hewa kavu. Ukiziona, mwagilia mapema mchana, kwani udongo wenye maji hutunza joto na kulitoa taratibu usiku. Sogeza matandazo mbali na miche. Najua tunayasifia matandazo, na wakati wa kiangazi yanastahili sifa, lakini usiku wa sakitu yanalifungia joto udongoni lisifike kwenye majani. Miche ya parachichi ya mwaka wa kwanza na wa pili ijengee kibanda cha nyasi, kisigusane na majani.

Plamu na mipichi usiihangaikie. Ikipukutisha majani Mei na Juni inapumzika tu, na inahitaji baridi hiyo ili ichanue vizuri. Pogoa Juni au Julai.

Parachichi lililoungua ni kinyume. Mkasi usiutoe asubuhi ile ile. Majani yaliyokufa yanakinga yaliyo chini yake, na kwa wakati huo huwezi kuona tawi limekufa hadi wapi. Punguza maji, usiweke mbolea ya naitrojeni, paka chokaa kwenye shina lililobaki wazi kwa jua. Septemba au Oktoba machipukizi yakitoka, kata sentimita chache juu ya chipukizi la kwanza lenye afya.