Sanduuq, sunduk, sanduku: Kisomali na Kirusi vina undugu gani?

Sanduku tunaloliita sisi, Msomali huliita sanduuq na Mrusi huliita sunduk. Kila tukimaliza mhadhara wa wazi hakosi mtu wa kuja mbele na neno la namna hii, kalishika kama kielelezo mahakamani: si mnaona, lugha hizi ni ndugu? Jibu letu ni hapana. Neno hilo ni la Kiarabu. Kwetu na kwa Wasomali lilikuja na biashara ya bahari na dini. Warusi walilipata kupitia lugha za Kituruki za majirani zao wa nyikani. Chai nayo ina visa vyake: Mrusi aliye mbali anasema chai kama sisi, na Msomali tunayepakana naye ndiye anayesema shaah.

Undugu wa lugha hautafutwi kwenye mizigo ya sokoni. Tuanze na namba. Msomali akihesabu husema laba (mbili), afar (nne), shan (tano), sagaal (tisa). Mworomo wa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya husema lama, afur, shan, sagal. Mrusi kwa mbili anasema dva, Mwajemi na Mhindi wanasema do. Tayari watu wamejipanga kambi mbili. Lakini namba nazo hukopwa. Sita, saba na tisa zetu ni za Kiarabu na Kiswahili kimebaki Kibantu vilevile. Kwa hiyo mtaalamu huenda kwenye kitenzi, mahali ambapo ukopaji ni wa nadra. Kisomali kina vitenzi vichache vya kale vinavyobeba nafsi mbele: yimid ni "alikuja" kwa mwanamume, timid ni "alikuja" kwa mwanamke. Ya kwa mume na ta kwa mke, ndivyo hasa anavyofanya Mwarabu: yaktubu ni "anaandika" kwa mwanamume, taktubu kwa mwanamke. Hiyo ndiyo alama ya ukoo wa Kiafro-Asia, ambamo Kisomali kimo katika tawi la Kikushi pamoja na Kioromo, Kiafar na Kirendile. Kiiraqw cha Mbulu na Karatu pia kwa kawaida huwekwa katika tawi hilo. Kirusi ni Kislavoni, jamaa wa Kiukreni na Kipolandi, na kwa mbali zaidi wa Kihindi na Kiingereza.

Pamoja na hayo, kuna mahali ambapo lugha hizi mbili hufanana hadi unashtuka, na mahali penyewe ni penye kuhesabu tena. Kwa Kisomali nin ni mwanamume, wingi wake niman. Wanaume wawili ni laba nin, si laba niman. Kwa Kirusi stol ni meza, wingi wake stoly. Meza mbili ni dva stola, si dva stoly. Zikifika tano zinakuwa pyat stolov, na zikifika ishirini na moja zinarudi umoja kabisa, dvadtsat odin stol. (Wanafunzi wetu wa Kirusi huishia kununua vitu kumikumi ili wasisumbuke.)

Kwa nini? Sisi tunasema watu wawili, namba inamfuata mtu na kuvaa kiambishi chake, kama kivumishi. Kwa Msomali namba ndiyo nomino kuu, na kinachohesabiwa kinaning'inia nyuma yake, kama tunavyosema "jozi ya viatu" au "dazeni ya mayai". Ushahidi ni kwamba ukitaka kusema "wale wanaume wawili", kile kiambishi cha kuonyesha kitu kinachojulikana hubandikwa kwenye namba: labada nin. Pyat ya Kirusi nayo zamani ilikuwa nomino, "tano ya meza". Ile dva stola ina asili nyingine: ni mabaki ya hali ya uwili, yaani umbo maalumu la vitu viwili tu, iliyokuwapo katika Kislavoni cha kale, kama ile ambayo Kiarabu kinayo mpaka leo. Njia tofauti zimefikisha watu kwenye mlango uleule, bila wao kujuana.

Jinsia ya nomino ziko nayo zote mbili, Kisomali mume na mke, Kirusi mume, mke na isiyo na upande. Ila Kisomali kina jambo linalomchekesha kila anayelisikia mara ya kwanza. Hooyo ni mama, na "yule mama" ni hooyada, kwa kiambishi cha kike. Wakiwa wengi ni hooyooyinka, na hiyo -ka ni ya kiume. Si kila nomino hugeuka hivyo, lakini zinazogeuka ni nyingi. Mrusi hana habari hizo; akifika kwenye wingi jinsia huiacha, vivumishi vyake vikawa na umbo moja kwa wote.

Maandishi ndiyo yanayopoteza watu kabisa. Kisomali kilitangaziwa hati rasmi ya Kilatini tarehe 21 Oktoba 1972, baada ya mabishano marefu kati ya hati ya Kiarabu, hati ya Osmanya iliyobuniwa na Msomali, na Kilatini. Mwaka 1974 shule za sekondari zilifungwa ili wanafunzi na walimu wao waende kufundisha wafugaji kusoma. Katika hati hiyo herufi x ni ile ha nzito ya Kiarabu, hivyo Hassan ni Xasan, na c ni sauti ya ain, ile herufi ya Kiarabu ya kooni, hivyo Ali ni Cali. Katika herufi 33 za Kirusi, umbo la X ni kh, kama katika "kheri", na umbo la C ni s. Basi kijana wa Mogadishu aliyejifunza hati ya nyumbani mwaka 1973, kisha akapelekwa kusoma Moscow kabla Somalia na Umoja wa Kisovieti hazijakosana mwaka 1977, alijifunza herufi zilezile mara mbili. Na kama jina lake lilikuwa Cabdi, kwenye karatasi za chuo liliandikwa Абди, yaani Abdi. Kirusi hakina herufi ya ain.