Faida ya kutosikia: somo la vidonda vya tumbo

Wanafunzi wangu wa falsafa ya maarifa huja darasani wameshahukumu kwamba kiputo ni kibaya. Kiputo ni hali ya kundi kutosikia mambo ya nje kwa sababu tu hayajalifikia. (Wanaoyasikia lakini wamefunzwa kuyadharau ni habari nyingine, na hao siwatetei.) Mimi naamini kipo kiputo chenye faida.

Mwaka 1954 daktari mmoja wa Marekani, Palmer, alichunguza vipande vya tumbo vya wagonjwa zaidi ya 1,000 asione bakteria. Kabla yake wapo walioripoti kuwaona. Baada yake karibu kila mtu aliacha kutafuta, lawama za vidonda vya tumbo zikabaki kwa asidi na mawazo. Kumbe rangi aliyopaka vipande vile haikufaa kuwaonesha. Kosa la mtu mmoja likawa la fani nzima, maana fani nzima ilimsoma.

Mwanafalsafa Kevin Zollman aliliweka jambo hili kwenye kompyuta: watafiti wa kubuni, tiba mbili, moja bora. Wanapopeana kila matokeo papo hapo, mikosi michache ya mwanzo huwafanya wote waikimbie iliyo bora, asibaki wa kuijaribu tena. Wanaosikia majirani tu huchelewa, lakini huupata ukweli mara nyingi zaidi.

Sasa njoo Perth, Australia. Robin Warren hakuwa daktari wa tumbo, alikuwa mtu wa hadubini. Mwaka 1979 aliwaona bakteria, akapaka rangi ya madini ya fedha wakajitokeza wazi, na akaendelea karibu peke yake hadi 1981 alipojiunga naye Barry Marshall, daktari kijana aliyekuwa bado mafunzoni. Kuwaotesha maabara kulishindikana mara kwa mara, kwa kuwa visahani vya kuwaoteshea vilitupwa baada ya siku mbili. Pasaka ya 1982 vikasahaulika siku kadhaa zaidi, na bakteria wakaota. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini ukimya wa Perth ulilinda wazo tu, kwamba bakteria hao husababisha vidonda vya tumbo. Lilikuja kuwa maarifa pale wengine walipolijaribu kwa wagonjwa wao, yaani kiputo kilipopasuka.

Wanafunzi huniuliza kuhusu magrupu ya WhatsApp. Hofu yangu kule si ya kutosikia ya nje, ni ya yanayotokea ndani ya kundi: watu 200 husoma ujumbe mmoja dakika ileile, na hakuna anayebaki nyuma kuupima.