Kadi yenye nyuso mbili: mezani na kwenye skrini

Chukua deki yoyote ya kadi za kukusanya, ilaze kifudifudi, uichange. Usiri wote wa mchezo umekaa kwenye migongo ile: inafanana yote, kwa hiyo hakuna ajuaye kadi ijayo ni ipi. Sasa ingiza humo kadi iliyochapwa picha na maandishi pande zote mbili. Haina mgongo. Ikifika juu ya deki, mpinzani anaisoma kabla hujaivuta.

Mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering ulianza kutumia kadi za namna hii katika seti (toleo la kadi mpya) ya Innistrad, Septemba 2011. Ninayoipenda zaidi ni Delver of Secrets, mtafiti dhaifu mwenye nguvu 1 na uhai 1. Mwanzoni mwa zamu yako unatazama kadi ya juu ya deki. Ikiwa ni ya uchawi wa papo hapo au wa kawaida, na ukakubali kuionyesha, mtafiti anageuka mdudu arukaye, nguvu 3 na uhai 2. Unampindua, na ule upande wa pili ndiye yeye sasa.

Mezani tuna njia mbili za kurudisha usiri. Ya kwanza ni vifuko vya plastiki vyenye mgongo usiopenya macho, deki nzima ivikwe sare. Ya pili ni kadi mbadala: ina mgongo wa kawaida, unaandika juu yake jina la kadi halisi, nayo ile halisi unaiweka pembeni hadi itakapohitajika. Mimi hutumia zote mbili kwa pamoja. Kadi mbadala inakaa ndani ya deki, na ile halisi iko kwenye kifuko kinachoonyesha pande zote, karibu na mkono. Kuchomoa kadi kwenye kifuko cha giza kila inapogeuka kunachubua kingo, na kadi yenye kingo zilizochubuka inaanza kutambulika hata ikiwa imefunikwa.

Kwenye kompyuta shida hiyo haipo, na ndiyo maana waandishi wengi wa programu huingia kwenye kazi hii kwa wepesi mno. Seva ndiyo inayotunza siri. Mgongo ni picha tu. Kugumu ni kwingine: kuiambia programu kwamba hii bado ni kadi moja.

Toleo langu la kwanza la programu ya mchezo wa kadi lilikuwa na mtafiti na mdudu kama kadi mbili. Ya kwanza ikigeuka, niliiondoa na kuweka ya pili mahali pake. Kwa macho ilikuwa safi kabisa. Kisha nikamwekea mtafiti alama ya kuongeza nguvu, nikamgeuza, na alama ikatoweka. Madhara aliyopata zamu ile yakafutika. Mdudu akakataliwa kushambulia, eti amefika sasa hivi. Kanuni zinasema kinyume: kiumbe aliyegeuka ni yuleyule, na kila alichobeba kinabaki. Mezani hakuna anayekosea hapa, kwa sababu unainua dadu iliyowekwa juu ya kadi kama alama, unapindua, unairudisha dadu. Ilinibidi nibomoe muundo wote wa data na kuuandika upya: kadi moja, nyuso mbili, na sehemu ndogo inayosema uso upi uko juu.

Hata hapo kuna mtego. Tangu Zendikar Rising, mwaka 2020, zipo kadi ambazo unachagua uso unapozicheza, kwa mfano uchawi upande mmoja na ardhi, yaani kadi ya kulipia gharama za nyingine, upande wa pili. Ikiwa mkononi au ndani ya deki, kadi hiyo inahesabiwa kwa uso wa mbele peke yake. Kadi iitwayo Goblin Charbelcher hufunua deki hadi ikutane na ardhi, na kila kadi isiyo ardhi iliyofunuliwa inaongeza pigo moja. Kwa hiyo watu wametengeneza deki ambayo, ikiulizwa, haina ardhi hata moja, ingawa mchezaji anashusha ardhi kila zamu. Ukiandika programu inayotazama nyuso zote mbili kila mahali, Charbelcher itasimama kwenye kadi ya kwanza ya namna hiyo na umemharibia mtu deki yake yote.

Kuhusu kuonyesha, nina msimamo: uso wa pili uonekane kwa kugusa mara moja, kwa wachezaji wote wawili, wakati wowote kadi ikiwa wazi. Mezani, kumwomba mpinzani akuonyeshe upande wa pili kunamdokezea unachowaza. Skrini inaweza kukuondolea hilo, na ni uzembe isipofanya.

Swali ninaloulizwa sana ni kuhusu kiumbe anayenakili wengine. Kadi ya kawaida ikimnakili mtafiti, inachukua uso ulio juu tu, na ikiamriwa kugeuka haifanyi chochote. Mezani jibu liko mkononi: ipindue uone, nyuma yake kuna mgongo uleule wa kadi zote. Katika programu, basi, swali la nyuso ngapi liulizwe kwa kadi yenyewe iliyotoka kwenye deki, kabla ya kutazama ilichonakili.