Karatasi ya atomi moja haijui kunusa

Tangu Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walipobandua grafini, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja, kwenye grafaiti kwa utepe wa gundi mwaka 2004, kazi iliyowapa Nobel ya Fizikia mwaka 2010, nyenzo za vipimo viwili zimesifiwa mno. Kwenye vihisi, yaani vifaa vya kugundua gesi na kemikali nyingine, ndiko chumvi ilikozidi. Haya hapa madai manne yanayorudiwa, na kasoro zake.

"Vipimo viwili maana yake haina unene." Unene upo: kwa grafini ni takriban nanomita 0.34, atomi moja ya kaboni. Viwili ni urefu na upana ambamo elektroni hutembea. Kwa kuwa kila atomi iko juu, molekuli ikitua popote inagusa njia yenyewe ya umeme. Ndani ya waya mnene mkondo mwingi hupita bila kuguswa na kinachotua juu.

"Zote ni grafini tu, na zote hupitisha umeme." Oksaidi ya grafini karibu haipitishi kabisa mpaka ipunguzwe oksijeni. Maksini, familia ya kabidi na naitraidi za metali iliyotangazwa na Chuo Kikuu cha Drexel mwaka 2011, hupitisha vizuri na hutawanyika majini, hivyo hupakwa kama wino. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba ile ya titani ikikaa kwenye maji yenye hewa hugeuka taratibu kuwa titani dayoksaidi, na umeme hufifia.

"Ikiwa safi zaidi, itahisi vizuri zaidi." Hii huwanasa hata wasomi. Mwaka 2007 kundi la Manchester lilionyesha kihisi cha grafini kikigundua molekuli moja moja za naitrojeni dayoksaidi zikitua na kuondoka. Hiyo ilikuwa maabara, ndani ya uga mkali wa sumaku. Miaka miwili baadaye watafiti wengine walisafisha mabaki ya plastiki yanayoachwa wakati wa kuunda kihisi, na mwitikio wake kwa mivuke ukashuka sana. Kumbe uchafu ulikuwa unasaidia! Sababu iko kwenye kaboni yenyewe: kila atomi imeshikana na jirani zake watatu, haina mkono uliobaki wa kumshika mgeni. Molekuli hunaswa kwenye kingo, mapengo na mabaki ya oksijeni. Ndiyo maana oksaidi ya grafini iliyopunguzwa oksijeni, ambayo kwa macho ya mwanafizikia ni mbovu, mara nyingi huhisi vizuri kuliko grafini kamilifu. Lakini kasoro zikizidi, elektroni hukwama, na molekuli zilizonaswa hukataa kutoka, kihisi kikachelewa kurudi sifuri.

"Ikihisi molekuli, imeijua ni ipi." Hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na matangazo. Karatasi hutoa namba moja tu, mabadiliko ya ukinzani, yaani kiasi inavyozuia umeme kupita. Amonia huipa elektroni. Naitrojeni dayoksaidi huzivuta, na mvuke wa maji nao huzivuta. Kutambua ni kazi ya kinachopakwa juu: kimeng'enya kwa glukosi, kingamwili kwa protini ya virusi, uzi wa DNA kwa mwenzake. Ukisoma kwamba kihisi kimegundua kiwango kidogo ajabu cha gesi, tazama kwanza kama kilijaribiwa kwenye hewa kavu.