Shelta "kavu": maana ya sheria ya pombe na dawa za kulevya katika makazi ya familia Marekani

Shelta kavu ni makazi ya dharura ambamo familia isiyo na nyumba hupokelewa kwa sharti kwamba pombe na dawa za kulevya hazivuki mlango. Marekani, shelta za familia kwa kawaida ziko hivyo. Sharti lenyewe huwa mstari mmoja katika kurasa kadhaa za kanuni ambazo mzazi hutia saini usiku ule ule anaofika, watoto wamechoka na mabegi yapo chini. Wengi husaini wakidhani wameelewa.

Ndani ya mstari huo mna makatazo matatu. La kwanza ni kuwa na kilevi: chupa kwenye begi au msokoto mfukoni, hata kama hujagusa. La pili ni kukitumia pale pale, na "pale" huhesabiwa pamoja na ngazi, uwanja na maegesho ya magari. La tatu ni kurudi kikiwa tayari mwilini, tuseme umekunywa bia mbili kwenye harusi ya jamaa, ukaingia saa tatu usiku.

Mawili ya kwanza hayana mjadala mkubwa. La tatu ndilo linalozitenganisha shelta. Ziko zinazopima, kwa pumzi au kwa mkojo, na jibu la kipimo ndilo hukumu. Ziko zinazotazama mwenendo: unasimama sawasawa, unazungumza bila kufoka, unaweza kumwangalia mwanao mpaka asubuhi? Basi pita ukalale. Hizi huitwa shelta za masharti machache, na msomaji asidhani kwamba humo watu wanaruhusiwa kunywa sebuleni. Pombe bado hairuhusiwi ndani. Kinachobadilika ni swali unaloulizwa mlangoni.

Mimi naona swali la mwenendo ndilo la haki zaidi, na sababu ni ya kitaalamu kabla ya kuwa ya huruma. Mkojo wa mtu aliyevuta bangi unaweza kuonyesha dalili siku kadhaa baada ya ulevi kwisha, na kwa mvutaji wa kila siku hata wiki kadhaa. Kipimo hicho hakimwambii mhudumu kama mama huyu yuko timamu usiku huu. Na hilo ndilo analohitaji kujua.

Fikra ya masharti machache ilipata nguvu New York mwaka 1992, pale Sam Tsemberis alipoanzisha Pathways to Housing, mpango wa kuwapa nyumba watu waliokuwa wakilala nje wakiwa na maradhi ya akili na uraibu, bila kuwataka kwanza waache ulevi. Finland iliifanya fikra hiyo kuwa sera ya taifa kuanzia 2008. Lakini mpango ule ulimpa mtu nyumba yake na mlango wake. Shelta ya familia mara nyingi ina korido moja, jiko moja na choo cha wote, na mtoto wa miaka miwili hutia mdomoni kila anachookota. Kwa fentanili, dawa ya jamii ya heroini iliyo kali zaidi, hata masalia kidogo yanaweza kumuua. Kwa hiyo sioni ubaya wowote kwa shelta ya watoto kukataza kabisa kuingiza vitu hivyo. Shelta makini huweka pia naloksoni mapokezini, dawa ya kupuliza puani inayomrudisha mtu aliyezidisha heroini au fentanili. Tangu Machi 2023 serikali iliruhusu dawa hiyo ya puani iuzwe bila cheti cha daktari.

Uzito wa sheria hii katika shelta ya familia unatoka mahali pengine. Mwanamume akifukuzwa katika shelta ya watu wazima, anatoka peke yake. Mama akifukuzwa, anatoka na watoto wake, na kosa walilolifanya wao halipo. Tena wahudumu wa shelta katika majimbo mengi wamo katika orodha ya watu wanaobanwa na sheria kutoa taarifa wakishuku mtoto anatendewa vibaya au ametelekezwa. Sheria ya shirikisho ya 1974 kuhusu ukatili kwa watoto huyataka majimbo yanayopokea fedha zake yawe na mfumo huo. Taarifa hiyo si sawa na kunyang'anywa mtoto: maofisa wa ustawi wa watoto watauliza kwanza kama mtoto alikuwa hatarini. Ila mzazi mwenye uraibu hasubiri kuelezwa tofauti hiyo. Anaficha. Akishaficha, hapelekwi kliniki, na arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa aliyoizoea, ikimshika usiku anajifungia chooni. Shelta inayofukuza kwa kosa la kwanza hujipatia wazazi wanaojua kuficha.

Dawa ya hospitali ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi huonewa. Methadoni na buprenofini ni tiba ya uraibu wa heroini na jamii yake. Msomaji wa Dar es Salaam anaijua methadoni, kwani Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Marekani, Wizara ya Sheria ilitoa mwongozo Aprili 2022 kwamba anayetumia dawa hizi kwa maelekezo ya daktari analindwa na sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990. Shelta inaweza kutaka dawa ikae kwenye sanduku la kufuli, na kwa methadoni ya kupeleka nyumbani kliniki nyingi hutaka kufuli hata bila shelta kusema. Haiwezi kumwambia mtu "acha hiyo dawa ndipo tukupokee." Taasisi za dini zimepewa msamaha katika sheria hiyo, lakini zikichukua fedha za serikali kuu sheria nyingine za kuzuia ubaguzi huzifikia. Anayetumia madawa haramu sasa hivi hana ulinzi huo.

Bangi imewachanganya wengi. Wapiga kura wa Massachusetts waliihalalisha 2016, New York ikafuata 2021, Minnesota 2023. Duka lipo mtaa wa pili, risiti unapewa. Shelta bado inaweza kuikataza, kama inavyokataza bia ambayo nayo ni halali, na sheria ya shirikisho haijairuhusu kwa starehe. Kwa mhamiaji, jambo hili ni zito kuliko kupoteza kitanda. Kosa la dawa za kulevya linaweza kumfanya arudishwe kwao. Sheria ya uhamiaji inasamehe kosa moja tu la kupatikana na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Tangu 2019 idara ya uhamiaji imesema wazi kwamba kuvuta bangi, hata kwenye jimbo linaloruhusu, kunaweza kumkwamisha mtu anayeomba uraia. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya kukiri kwamba "nilitumia", usiisaini mpaka mwanasheria wa uhamiaji aione.

Halafu kuna mirungi. Kenya miraa ni zao halali, wakulima wa Meru wanasomesha watoto kwayo. Tanzania ni marufuku. Marekani, kathinoni iliyomo kwenye jani bichi imewekwa daraja moja na heroini. Jani likinyauka kathinoni hupungua na kubaki kathini, ambayo iko daraja la chini, lakini nayo inadhibitiwa. Mhudumu wa zamu anaweza kudhani ni mboga. Polisi akiitwa, hatadhani hivyo. Jamaa akikutumia kifurushi kwa anwani ya shelta, jina lililoandikwa juu ni lako.

Vitu vidogo huzua ugomvi mkubwa kuliko heroini. Listerine ya asili ina pombe asilimia 26.9, na vanila halisi ya kupikia, kwa kanuni za Marekani, haipungui asilimia 35. Katika shelta nyingine vyote viwili huchukuliwa mlangoni au kuwekwa kwenye kabati la ofisi. Uliza mapema, maana kuonekana mlevi kwa sababu ya keki ya mtoto ni aibu isiyo na sababu.

Kufukuzwa nako kuna taratibu zake. Shelta inayopokea ruzuku ya dharura ya shirikisho, iliyotokana na sheria ya McKinney-Vento ya 1987, inatakiwa kuwa na utaratibu rasmi, ipime mazingira yote ya kosa, na imwondolee mtu huduma katika hali mbaya kabisa tu. Chupa moja iliyokutwa kwenye begi ni vigumu kuiita hali mbaya kabisa. Massachusetts, ambako sheria ya 1983 iliweka haki ya familia kupata makazi (tangu 2023 imewekewa mipaka), uamuzi wa kuiondoa familia hukatiwa rufaa. Kwingine inategemea shelta, kwa hiyo omba uamuzi kwa maandishi, ukiwa na tarehe na kanuni inayodaiwa kuvunjwa, na uliza nani aliye juu ya aliyeuandika.

Lugha isikuzuie. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inazitaka taasisi zinazopokea fedha za shirikisho zisimnyime mtu huduma kwa sababu ya asili yake, na mahakama zimetafsiri kwamba lugha imo. Omba kanuni zisomwe kwa Kiswahili kabla ya kusaini, kwa mkalimani wa simu kama hakuna wa ana kwa ana, na ukatae wanapotaka mwanao wa darasa la sita ndiye akutafsirie swali la kama unakunywa.